Kabla ya Kaboni, Nunua Tairi

Kijana anayeshindana kwa baiskeli kutoka Muthara akishika pesa za kwanza za maana, ziwe za mavuno ya miraa au za mchango wa jamaa, kitu anachokitamani kabla ya vingine vyote ni magurudumu. Anataka zile rimu nyeusi za kaboni, zenye kina cha kiganja kizima, zinazovuma zikipita kama anavyozisikia kwenye video za Tour de France. Namwelewa kabisa. Gurudumu hubadilisha sura na mwendo wa baiskeli kwa asubuhi moja, jambo ambalo mazoezi hulifanya kwa msimu mzima. Hata hivyo, kwa barabara zetu za Tigania na Igembe hapa Meru, na kwa mfuko wa mtu anayenunua mara moja kwa miaka kadhaa, ushauri wangu haubadiliki: pesa za kwanza ziende kwenye tairi, za pili kwenye rimu pana ya alumini iliyosukwa na fundi anayejua kazi, na kaboni ingoje zamu yake. Wanaomwambia vinginevyo wanamharibia pesa, na wakati mwingine wanahatarisha maisha yake.

Tuanze na mahali nguvu za miguu zinakopotelea. Mwendeshaji ana wapinzani watatu: hewa inayomkinza, mlima unaomvuta nyuma, na tairi linalobonyea na kurudi kila linapokanyaga lami. Chukua mtu ambaye yeye na baiskeli yake wana kilo 70. Kwenye tambarare, akienda peke yake kwa kilomita 40 kwa saa, zaidi ya robo tatu ya nguvu zake humezwa na hewa. Mpeleke kwenye mwinuko wa asilimia 6, mwendo ushuke hadi kilomita 15 kwa saa, naye atahitaji kama wati 200. Kati ya hizo, wati 170 hivi zinapambana na mlima, na hewa inabaki na wati 13 tu. Yeyote aliyewahi kupanda kuelekea Maua anajua hesabu ipi inatuhusu zaidi.

Hapo ndipo wengi hudakia: basi magurudumu mepesi ndiyo dawa ya mlima! Wacha tupige hesabu. Tuseme umenunua jozi iliyo nyepesi kwa gramu 400 kuliko ile uliyokuwa nayo, tofauti ambayo madukani ni ya pesa nyingi sana. Kwenye mwinuko ule ule, kwa mwendo ule ule, umejiokolea wati 1. Mlima wa dakika 20 utaumaliza mapema kwa sekunde 6 hivi. Sekunde 6 si bure, kuna mbio zilizoamuliwa kwa chini ya hapo, lakini chupa ya maji ya nusu lita ina uzito wa gramu 500 na haigharimu kitu kuinywa kabla ya kupanda.

Jibu ninalopewa kila mara ni kwamba gramu ya rimu si sawa na gramu ya fremu, kwa kuwa rimu inazunguka. Ni kweli nusu. Uzito ulio ukingoni mwa gurudumu huhesabiwa karibu mara mbili, kwa sababu mwendeshaji lazima ausukume mbele na pia auzungushe. Lakini hilo hutokea anapoongeza kasi peke yake. Akiwa mlimani kwa mwendo wa kudumu, gramu ni gramu, iwe kwenye rimu au mfukoni. Na hata anapochomoka, faida ni ndogo kuliko inavyosimuliwa. Mtu wetu wa kilo 70 akitoka kilomita 30 kwa saa hadi 45 kwa sekunde 10, kuongeza kasi kwenyewe kunamtaka wastani wa wati 300 na zaidi. Gramu 400 za ziada kwenye rimu zinamwongezea wati 3 na nusu juu ya hizo. Anayeachwa kwenye kona akasingizia uzito wa rimu aangalie kwanza kama alikuwa kwenye gia sahihi.

Kina cha rimu ni hoja yenye nguvu zaidi, wala siikatai. Rimu ya milimita 45 au 50 hupasua hewa vizuri kuliko rimu bapa yenye spoki nyingi za mviringo, na kwa kilomita 40 kwa saa faida yake inapimika. Kuna mambo matatu, lakini, ambayo muuzaji hayataji. Kwanza, ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo faida hiyo huyeyuka mlimani. Pili, huku kwetu hewa ni nyepesi. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ambao ndio takriban wa mji wa Meru, hewa imepungua uzito kwa kama asilimia 14 ikilinganishwa na Mombasa, na faida ya rimu ya kina hupungua kwa kiasi hicho hicho. Tatu, aliyejificha ndani ya kundi anakingwa na migongo ya wenzake kuliko rimu yoyote itakavyomkinga. Rimu za kina humfaa anayekimbia peke yake dhidi ya saa, na yule mwenye miguu ya kutoroka kundi na kukaa mbele saa nzima. Ukiwa mmoja wao, unajijua.

Halafu kuna upepo wa ubavuni. Rimu ya kina kwenye gurudumu la mbele hushika upepo kama tanga, na usukani hutikiswa mkononi bila kuomba ruhusa. Barabarani kwetu upepo haungojwi utoke milimani pekee. Kila mchana Hilux za miraa hushuka kuelekea Nairobi zikikimbizana na saa, maana jani likichelewa halina bei, na ile hewa inayosukumwa na gari linalokupita kwa kasi kubwa inatosha kumhamisha mwendeshaji wa kilo 58 kutoka kwenye mstari wake hadi kwenye changarawe. Shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, limeweka kikomo cha kina cha rimu cha milimita 65 kwenye mbio za barabarani za pamoja kuanzia Januari 1, 2026. Kwa mtu mwepesi anayefanya mazoezi huku akipishana na magari, kikomo changu kwa gurudumu la mbele ni milimita 40.

Sasa tairi, ambalo ndilo kiini cha ushauri wangu na ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Tairi likigusa lami hubonyea, na raba ikirudi umbo lake hairudishi nguvu zote ilizopokea. Nyingine hugeuka joto. Tairi nene la mazoezi lenye kuta ngumu hupoteza nyingi, tairi jema la mashindano lenye kuta laini na nyuzi nyembamba hupoteza chache. Kati ya jozi ya aina ya kwanza na jozi ya aina ya pili, kwa mwendo wa kawaida wa mazoezi, tofauti huweza kufika wati 15 au 20. Rudi uiweke kando ya ile wati 1 ya gramu 400. Hakuna gurudumu la kaboni litakalokupa faida ya namna hiyo mlimani, tambarare na ndani ya kundi, kwa bei ya matairi mawili na tyubu mbili nyepesi. Bado naona vijana wamefunga matairi ya bei ya chini kabisa kwenye rimu zilizogharimu bei ya ng'ombe, na roho huniuma.

Upepo wa ndani ya tairi nao una imani zake. Huku kwetu tairi la mbio hujazwa mpaka kidole gumba kisibonyeze kitu, pauni 120 na zaidi, kwa kuwa gumu ndilo lenye kasi. Hilo lingekuwa kweli kama tungekimbia juu ya kioo. Lami yenye viraka, mawe madogo na kingo zilizoliwa humrusha mwendeshaji juu chini, na kila mtikiso unaoingia mwilini ni nguvu iliyotoka kwenye pedali ikaishia kwenye nyama za mapaja na mikono. Tairi lililolegezwa kiasi humeza kokoto na kuendelea. Kwa mtu wa kilo 60 mwenye tairi la milimita 28, pauni 65 hadi 75 zinatosha, la nyuma likizidi la mbele kidogo. Mwenye shaka achague kipande cha barabara mbovu, aachie baiskeli iteremke bila kukanyaga, mara moja kwa pauni 120 na mara moja kwa 70, aone itafika wapi.

Ndiyo maana upana wa rimu unatangulia kina chake. Rimu nyembamba za zamani, milimita 13 au 15 kwa ndani, hulibana tairi la 28 mpaka likawa na umbo la balbu, nalo huyumba kwenye kona. Tafuta milimita 19 hadi 21 kwa ndani. Wanaotafuta faida ya hewa hufuata kanuni ya Josh Poertner, mhandisi aliyekuwa Zipp, kwamba upana wa nje wa rimu uzidi wa tairi kwa asilimia 5. Hata kwa rimu ya kina cha wastani ni mwongozo mzuri. Kabla ya kulipa, pima fremu yako. Baiskeli nyingi za mbio tulizo nazo ni mitumba ya enzi ya breki za rimu, zenye nafasi ya milimita 130 kwenye uma wa nyuma, na baadhi hazipokei tairi zaidi ya 25. Gurudumu la breki za diski lenye ekseli nene ya kupenya huhitaji milimita 142. Halitaingia hata ukilia. Hesabu pia gia za nyuma, maana kaseti ya gia 11 haikai kwenye kila kitovu kilichotengenezwa kwa gia 9 au 10.

Neno moja la tahadhari juu ya rimu za kisasa zisizo na kulabu ndani ya kingo zake, ambazo sasa zimeanza kuonekana hata kwenye mitumba. Kawaida kulabu hizo hushika ukingo wa tairi. Zisipokuwepo, usalama wote unategemea vipimo vya tairi na rimu kuoana, na upepo kuwa mdogo: kikomo ni bari 5, yaani pauni 72 na nusu, na tairi liwe limeidhinishwa kwa rimu hiyo. Februari 2024, kwenye mbio za UAE Tour, Thomas De Gendt wa Ubelgiji alianguka na tairi lake likaonekana limetoka kwenye rimu ya aina hiyo, na mjadala ukawaka katika ulimwengu mzima wa mbio. Pale pampu ya jirani haina hata mshale wa kuonyesha kipimo, mimi siwezi kumshauri mtu anunue rimu hizo.

Nimesema kaboni inaweza kuhatarisha maisha. Sababu yake iko kwenye miteremko. Mtu wetu wa kilo 70 akishuka mita 100 za wima huachilia karibu kilojuli 69. Kile ambacho hewa haikuchukua, breki lazima zikigeuze joto, na kwenye breki za rimu joto hilo linaingia kwenye rimu yenyewe. Alumini husambaza joto upesi na kulitoa kwa hewa. Kaboni hailisambazi vizuri. Joto hujilimbikiza pale pedi inapogusa, gundi inayoshikilia nyuzi hulainika, ukingo hutanuka na tyubu hupasuka. Tyubu za raba asilia, zile za lateksi, ndizo huwahi zaidi, na hazifai kabisa kwenye kaboni yenye breki za rimu. Barabara ya Meru kwenda Embu hukata mabonde mengi ya mito inayotoka Mlima Kenya, na kila bonde ni mteremko, kona na daraja. Daraja la Nithi halihitaji maelezo kwa msomaji wa huku: Julai 24, 2022, basi lilitumbukia pale na watu zaidi ya 30 wakafariki. Sitaki kumwona kijana akiteremka Nithi juu ya kaboni ya mtumba, na pedi za alumini zilizobaki kwenye breki zake za zamani.

Kuhusu mtumba wa kaboni niseme wazi. Rimu ya alumini ikiumia inapinda, nawe unaona. Kaboni huumia ndani. Kama lazima ununue, vua tairi na utepe wa ndani, pitisha ukucha ukingoni pande zote, ukague kila tundu la spoki kama lina ufa unaoanza kama nyota, halafu gongagonga mzunguko mzima kwa sarafu: mahali pazima hulia kwa ukali, palipoachana hutoa sauti ya kufifia. Muuzaji akikataa tairi livuliwe, ondoka.

Ninalolipenda zaidi katika mada hii ni kusuka. Keti kando ya fundi wa baiskeli kwenye soko lolote la Tigania. Anaipindua baiskeli ya Black Mamba miguu juu, anazungusha gurudumu, anaweka ukucha kwenye uma uwe kipimo, na kwa ufunguo mdogo anakaza spoki hii robo mzunguko na kulegeza ile ya jirani, mpaka rimu iache kuyumba. Akimaliza anagonga spoki moja moja na kusikiliza. Huo ndio ufundi wenyewe. Tofauti kati ya Mamba yake, yenye spoki 32 mbele na 40 nyuma, na gurudumu la mbio ni nyenzo na vipimo, na vyote viwili vinaweza kununuliwa.

Wengi hudhani spoki hukatika kwa sababu imekazwa kupita kiasi au mwendeshaji ni mzito. Jobst Brandt, mhandisi wa Marekani, alieleza katika kitabu chake The Bicycle Wheel cha mwaka 1981 jinsi mambo yalivyo. Gurudumu linaposimama juu ya lami, spoki zilizo chini hulegea kidogo, kisha hukaza tena zikipanda. Kila mzunguko ni mpigo mmoja wa kulegea na kukaza. Spoki iliyokazwa vizuri huvumilia mipigo hiyo kwa mamilioni, iliyolegea huchoka pale kwenye shingo yake na kukatika. Kwa hiyo gurudumu jepesi la spoki 16 au 18, la kiwandani, lililosukwa haraka, ndilo litakalokuacha njiani, na spoki moja ikikatika rimu hupinda mpaka isipite kwenye uma. Anayeshindana huku asuke 24 mbele na 28 nyuma, spoki za nyuma zipishane mara tatu, na zote ziwe nyembamba katikati, milimita 2 miishoni na 1.8 katikati. Upande wa kaseti zifikie mkazo wa kilo 100 hadi 120, kulingana na kikomo cha rimu. Fundi akishakaza, azikamate mbili mbili kwa mikono yote na kuzibana kwa nguvu, ili shingo zikae mahali pake, ndipo anyooshe mara ya mwisho. Wengi huruka hatua hii, na gurudumu hulia tikitiki wiki ya kwanza.

Kuhusu vitovu sina mengi. Chagua chenye beringi zilizofungwa, za namba ya kawaida, uiandike namba hiyo mahali, maana udongo mwekundu wa Nyambene ukichanganyika na mvua huingia kila mahali. Cha gololi za wazi kinafaa pia kama una mkono wa kukifungua na kukipaka grisi kila baada ya masika. Nunua na spoki za akiba za kila urefu pamoja na gurudumu, siku ile ile. Dukani Maua utapata za Mamba, ambazo ni nene na hazina urefu unaoutaka.

Najua nitajibiwa kwamba mabingwa hawaendeshi alumini. Kweli. Septemba 2025, Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya barabara, ya kwanza barani Afrika, na mbio za wanaume za Septemba 28 zilikuwa kilomita 267.5 zenye mita 5,475 za kupanda. Pogačar alishinda na ni watu 30 tu waliomaliza. Mazingira yale yanafanana na yetu kuliko ya Ubelgiji au Uholanzi, na ndiyo sababu napenda vijana wayasome. Lakini nyuma ya kila bingwa pale palikuwa na gari lenye magurudumu ya akiba na fundi aliyelala mapema kwa ajili ya kazi hiyo. Rimu ikivunjika, anapewa nyingine kwa sekunde chache. Wa Muthara rimu ikivunjika, msimu umekwisha.

Basi wa kumsaidia si muuzaji. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, na Kaunti za Meru na Embu zingeweza kuongeza somo la kusuka magurudumu kwa gharama ndogo: kiti cha kunyooshea, kipimo cha mkazo wa spoki, funguo na mwalimu mmoja. Kijana anayetoka hapo atakuwa na kazi hata kama hakushinda mbio yoyote. David Kinjah amelifanya jambo la aina hiyo kwa miaka mingi kule Mai-a-Ihii, Kikuyu, na kikundi chake cha Safari Simbaz, ambako vijana hujifunza kuendesha na kutengeneza pamoja; Chris Froome alipitia mikononi mwake kabla ya kushinda Tour de France mara nne. Klabu za huku, badala ya kila mtu kununua rimu za kina kwa mkopo, zinunue jozi moja ya pamoja ya mbio za saa, ikae kwa kocha. Nao waandaaji wa mbio watafute Hilux moja siku ya mashindano, wajaze magurudumu ya akiba ya 130 na ya 142, iwafuate wote bila kubagua klabu. Mashindano machache ya hapa hufanya hivyo, ilhali magari tunayo kuliko kaunti nyingi.

Kwa atakayefuata ushauri huu na kupata jozi yake mpya: iendeshe kama kilomita 100 kisha uirudishe kwa fundi akaze upya, maana spoki zote hujituliza mwanzoni. Fanya mazoezi nayo wiki mbili nzima kwenye barabara ya mbio, kwa upepo wa tairi utakaoutumia siku ile. Na pedi zile kuukuu za breki zilizojaa vipande vya chuma, zing'oe leo, usizigeuze upande wa pili.